Sensa za upepo wa matairi kwenye malori na matela: zina faida kwa safari za Dar–Tunduma?

MwenyeMatela_Kibaha (1)
Wakuu, habari za jioni. Nina kampuni ndogo ya malori yanayobeba mizigo ya bandarini kwenda Tunduma, na baadhi huvuka hadi Zambia na Kongo. Kila lori na tela lake lina matairi 22, yaani kumi ya kichwa na kumi na mawili ya tela. Yanayopasuka ni ya tela karibu yote, na mara nyingi dereva hujua wakati mpira umeshachanika, umeng'oa madigadi na kukata mabomba ya breki. Muuzaji mmoja ameniletea mfumo wa sensa zinazofungwa kwenye vali, moja kwa kila tairi, pamoja na kioo kidogo cha kuweka mbele ya dereva. Bei ya seti ya lori moja inakaribia ile ya matairi mawili mapya. Anadai pia kwamba Ulaya na Marekani zimeshalazimisha malori yote kuwa na mfumo huo. Ninaomba waliowahi kuutumia waniambie: je, unazuia tairi kupasuka, au unamwarifu dereva kuhusu hasara ambayo imeshatokea?

FundiMatairi_Msamvu (2)
Unazuia, mkuu, na nitaeleza kwa nini. Tairi la 315/80R22.5 lenye alama ya 156/150 linaruhusiwa kubeba kilo 4,000 likiwa peke yake na kilo 3,350 likiwa katika jozi, kwa sharti kwamba limejazwa upepo wake kamili, ambao ni takriban bar 8.5 au psi 123 (bar na psi ni vipimo vya mgandamizo wa upepo). Likipungukiwa, ubavu wake hujikunja kupita kiasi kila gurudumu linapozunguka, nyaya za chuma zilizomo ndani huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, na joto hupanda hadi tabaka za mpira zinaachana. Katika biashara hii ya matairi, lililoshuka kwa asilimia 20 chini ya kiwango chake huhesabiwa kuwa limetembea bila upepo, hata kama kwa macho linaonekana zima.

Kwenye tela tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu matairi yako mawili mawili. La ndani likipoteza upepo, la nje hubeba mzigo wa yote mawili bila lori kuyumba na bila dereva kuhisi chochote kwenye usukani. Baada ya kilomita nyingi hupasuka lile la nje, ambalo halikuwa na kosa lolote, na watu hulilaumu lenyewe. Asilimia kubwa ya matairi ninayoletewa yakiwa yamepasuka, nikiyafungua ninakuta alama za kusagika ndani ya ubavu. Hiyo ni alama ya kupungukiwa upepo, wala si ya msumari.

Dereva_Mkongwe (3)
Ninamheshimu fundi, lakini sikubaliani naye. Tairi la tela linapasuka kwa sababu ya uzito na uzee. Matajiri wananunua matairi yaliyotumika nchi za nje, mengine yamekaa ghalani miaka mingi, wanayafunga kwenye tela, kisha wanapakia hadi mwisho wa ruhusa ya mizani. Sensa haiwezi kulifanya tairi kuukuu liwe jipya. Mimi hugonga matairi yote kwa nyundo kila ninaposimama, na huyagusa kwa mkono ili kujua lipi lina joto kuliko wenzake. Pia ninavyoelewa, upepo hupanda kwa joto la mchana, kwa hiyo kifaa hicho kitapiga kengele kuanzia Chalinze hadi Mikumi, na dereva atakizima. Joto likizidi, sisi hupunguza upepo kidogo na safari inaendelea.

Mhandisi_Mitambo (4)
Mzee Mkongwe, kwenye umri wa matairi uko sahihi, na mwenye uzi aangalie tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Ila hilo la kupunguza upepo tairi likiwa la moto ninaomba kila dereva anayesoma hapa aliache.

Tufanye hesabu. Tairi limejazwa psi 120 asubuhi Dar es Salaam kwenye nyuzi 27. Likipata joto la nyuzi 67 ndani kwa kutembea, litasoma takriban psi 138. Hilo ni jambo la kawaida, na watengenezaji wa matairi wamelizingatia. Sasa dereva analishusha hadi 120 likiwa bado la moto. Likipoa na kurudi kwenye nyuzi 27 litakuwa na psi 104 hivi. Akilala Makambako, ambako alfajiri ya msimu wa baridi joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10, geji itasoma karibu 100. Hapo amekaribia kabisa kile kikomo cha asilimia 20 alichokitaja fundi, na ataondoka hivyo hivyo na mzigo wote.

Kuhusu kengele kulia ovyo, mfumo uliopangwa vizuri unaanzia kwenye kiwango cha baridi, yaani upepo uliopimwa tairi likiwa limepoa, na kengele ya kushuka huwekwa chini yake. Kwa tairi lile lile ambalo halikuguswa, alfajiri ya Makambako geji ingesoma kama 115, kwa sababu baridi hushusha na mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 hurudisha karibu psi 3. Kengele iliyowekwa asilimia kumi chini ya 120, yaani 108, haitalia. Mifumo mingi inayolia kila mara imepangwa na mtu aliyejaza viwango vya matairi ya gari dogo, au aliyechukua kipimo lori likiwa limetoka safari.

Mtumwa_wa_Usukani (5)
Nashukuru kwa elimu hiyo. Mimi nina jambo ambalo wenye malori hawalitaji. Katika kampuni niliyokuwa nikifanya kazi awali, tairi likipasuka dereva alikatwa mshahara, kwa hoja kwamba hakukagua. Mfumo huu unatunza kumbukumbu. Ninaogopa kwamba kumbukumbu hiyo itatumika upande mmoja tu: kengele imelia saa nane usiku katikati ya Mikumi, dereva hakusimama, basi alipe. Hakuna atakayeuliza kwamba ndani ya hifadhi ile, kwa takriban kilomita 50 za barabara, kuna wanyama na giza, na kwamba kusimama hapo usiku ili kubadilisha tairi la ndani la tela lenye mzigo ni kuhatarisha maisha ya watu wawili, dereva na utingo wake.

Pwani_Malaba (6)
Salaam kutoka Mombasa. Sisi tumezitumia sensa za kufunga juu ya vali kwenye njia ya Mombasa hadi Malaba, kwa hiyo nitasema niliyoyaona.

Zinafanya kazi, lakini adui wa kwanza ni wizi. Sensa ya nje inang'aa na inafunguliwa kwa vidole, na kwenye maegesho ya usiku hupotea kama vifuniko vya kawaida. Zipo zenye nati ya kufungia kwa spana maalumu, ila nazo humchelewesha anayetaka kuongeza upepo, na hatimaye utingo anazirudisha kwa mkono tu. Adui wa pili ni mawimbi ya redio ambayo sensa hutumia kutuma taarifa. Kutoka kioo cha dereva hadi ekseli (mhimili wa magurudumu) ya mwisho ya tela ni umbali mrefu wenye vyuma vingi katikati, kwa hiyo bila kifaa cha kurudufisha mawimbi kwenye fremu ya tela, matairi ya mwisho hupotea kiooni kila mara. Adui wa tatu ndiye aliyetushinda sisi: matela hubadilishana vichwa. Leo tela hili linavutwa na kichwa hiki, kesho kingine, na kioo bado kinatafuta sensa za tela la jana. Dereva anaona alama nyekundu kumi na mbili, anakichomoa kifaa, na habari imeishia hapo.

Bwana Kibaha, kama matela yako hayabadilishani vichwa, una nafasi nzuri kuliko sisi.

FundiMatairi_Msamvu (7)
Ndugu wa Mombasa amesema kweli tupu. Ninaongeza la vali. Tairi la ndani mara nyingi hufungwa bomba la kurefusha vali ili lifikiwe kupitia tundu la ringi ya nje. Ukiweka sensa juu ya bomba refu lisilo na kishikio, uzito ule mdogo hutikisika safari nzima na mwishowe bomba huvujisha. Nimeshaona matairi yaliyokuwa mazima yakianza kupungua baada ya kufungwa sensa. Mkongwe (3), kuhusu nyundo: itakutambulishia tairi lililokwisha kabisa, lakini hakuna sikio linalotofautisha psi 110 na psi 85 kwenye tairi la lori, kwa kuwa ubavu wake ni mgumu mno.

Dereva_Mkongwe (8)
Fundi, nyundo imenilisha na kunirudisha nyumbani kwa miaka mingi, usiitukane. Hata hivyo hesabu ya Mhandisi nimeisoma mara mbili, na hilo la kupunguza upepo wa moto nitaliacha.

Rotterdam_Mswahili (9)
Habari za huko. Ninaendesha lori huku Uholanzi, naomba nisahihishe maelezo ya muuzaji yaliyo kwenye (1). Marekani haijalazimisha malori makubwa. Sheria yao ya mwaka 2000, iliyotungwa baada ya ajali za Ford Explorer zenye matairi ya Firestone, iliishia kwenye magari yenye uzito usiozidi kilo 4,536, na ilikamilika kwa magari yote mapya ya kundi hilo mwaka 2007. Umoja wa Ulaya ndio ulioenda mbali zaidi: Kanuni 2019/2144 iliyahusisha malori, mabasi na matela, kwanza aina mpya za magari kuanzia Julai 2022, kisha magari yote mapya kuanzia Julai 2024. Tela jipya la huku hutuma taarifa zake kwenye kichwa kupitia waya ule ule wa breki za kielektroniki, kwa hiyo lile tatizo la kubadilishana vichwa alilolieleza ndugu wa Mombasa limepungua sana. Matela yaliyotangulia sheria hayakulazimishwa kuwekewa, na hayo ndiyo mengi yanayouzwa Afrika yakiwa yametumika.

Sensa za kiwandani hukaa ndani, kwenye ringi. Hazionekani wala haziibiwi, lakini betri yake haibadilishwi. Ikiisha baada ya miaka kadhaa unanunua nyingine na kulivua tairi. Anayenunua lori lililotumika kutoka huku asishangae kukuta taa ya onyo inawaka moja kwa moja.

Mhasibu_wa_Malori (10)
Naomba niingie upande wa fedha, kwa sababu wauzaji hupenda kusema mfumo utajilipa kwa mafuta. Makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba matairi yote yakipungua psi 10, matumizi ya mafuta huongezeka kwa takriban asilimia 1. Kwenda Tunduma na kurudi ni kama kilomita 1,850. Kwa lita 45 kwa kila kilomita 100, hiyo ni lita 830 hivi, na asilimia 1 ni lita 8. Hizo nane ni iwapo matairi yote 22 yamepungua psi 10 kwa pamoja, jambo ambalo halitokei kwa kampuni inayojaza upepo kabla ya safari. Kwa hiyo mkuu Kibaha, uondoe mafuta kabisa kwenye hesabu yako. Ninachokiona mimi ni gharama ya kukwama: tairi lililoharibika pamoja na mwenzake, siku iliyopotea, na mzigo uliochelewa mpakani. Weka kwenye karatasi matairi yaliyokupasukia mwaka uliopita, kisha jiulize ni mangapi yalianza kwa kuvuja taratibu. Yaliyokatwa na chuma au jiwe kwa ghafla, sensa haikuwa na muda wa kuyasaidia.

Mhandisi_Mitambo (11)
Ninaunga mkono. Ila idadi hiyo haipatikani kwa kukumbuka, inahitaji mtu kufungua kila tairi lililopasuka na kuangalia ndani, kama afanyavyo fundi wa Msamvu. Wengi wetu tairi likipasuka tunaliacha kando ya barabara, na ushahidi unabaki huko huko.

Breki_Iringa (12)
Wakuu, mnazungumzia upepo tu, lakini mimi ninayekaa karibu na mteremko mkali wa Kitonga ninaona matairi yakifa kwa breki. Lori linaloshuka Kitonga likielekea Dar likiwa na mzigo, dereva akitegemea breki za miguu badala ya gia na breki ya injini, ngoma hupata moto mkali, joto linahamia kwenye ringi, kisha kwenye ukingo wa tairi. Kuna pia breki iliyong'ang'ania kwa sababu upepo wa chemba ya breki hautoki wote au spring imevunjika. Gurudumu moja linakokota njia nzima na mwisho wake huwa moto. Beringi iliyokufa hufanya vivyo hivyo. Tairi la namna hiyo lina upepo wa kutosha hadi dakika ya mwisho, pengine umezidi.

Ndiyo maana ninasema faida ya mfumo iko kwenye kipimo cha joto kuliko cha upepo. Tatizo ni kwamba sensa ya kwenye vali imekaa nje, inapigwa na hewa ya safari, kwa hiyo inasoma joto dogo kuliko lililo ndani. Ile ya ndani ya ringi aliyoitaja ndugu wa Uholanzi inasoma vizuri zaidi. Hata hivyo kwa kutumia ile ya nje, dereva anayelinganisha magurudumu ya ekseli moja anaweza kuona kwamba moja limeachana na wenzake kwa nyuzi nyingi. Mzee Mkongwe amekuwa akifanya ulinganisho huo huo kwa kiganja.

Lubumbashi_Transit (13)
Jambo wandugu, ni mie wa Lubumbashi. Foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, inaweza kumshika dereva siku nyingi, na lori limesimama na mzigo wake wote. Tairi lenye tundu dogo linaisha hapo polepole, na wakati foleni inasogea dereva anawasha injini na kuondoka bila kuangalia. Kioo kingemwambia kabla hajaanza. Kwetu hii ndiyo faida kubwa, kuliko kengele ya njiani.

Lakini kuna mfumo mwingine ambao hamjautaja: ule unaojaza upepo wenyewe. Unachukua hewa kutoka kwenye mtungi wa breki za tela, unaipitisha ndani ya ekseli na habu (kitovu cha gurudumu) hadi kwenye matairi. Una vali inayolinda upepo wa breki usipungue. Rafiki yangu analo tela la namna hiyo na pancha ndogo halimsimamishi. Anafika, ndipo anaziba.

FundiMatairi_Msamvu (14)
Ni mfumo mzuri, ndugu wa Lubumbashi, lakini una hatari ya kumficha dereva ugonjwa. Taa yake huwaka hewa inapopita, ila haisemi ni tairi lipi kati ya kumi na mawili. Na sili ya habu ikichoka kwenye vumbi letu, unatengeneza mfumo badala ya tairi.

Kijana_wa_Gereji (15)
Naomba kuuliza, je, gesi ya naitrojeni haiwezi kumaliza tatizo hili la upepo kupanda na kushuka? Kuna duka linaitangaza sana.

Mhandisi_Mitambo (16)
Hapana, kijana wangu. Hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78, na gesi zote kavu hupanda kwa joto kwa kiwango kile kile. Inachosaidia ni ukavu wake na kuvuja taratibu kidogo. Ukimwaga maji kwenye mtungi wa kompresa yako kila siku utakuwa umepata sehemu kubwa ya faida hiyo bure.

Dereva_Mkongwe (17)
Ninarudi kwa hoja ya Mtumwa wa Usukani (5), kwa sababu mmeipita haraka. Tuseme kengele imelia karibu na Ruaha Mbuyuni na tairi la ndani la ekseli ya pili limeshuka hadi psi 90. Fundi anasema hilo limeshatembea bila upepo. Je, dereva analijaza na kuendelea? Fundi mwenyewe anajua kwamba tairi lililotembea hivyo linaweza kupasuka ubavu wakati wa kujazwa na kumuua anayejaza, ndiyo maana gereji nzuri zina kizimba cha chuma. Kando ya barabara hakuna kizimba. Analibadilisha? Tairi la akiba ni moja, na safari bado ni ndefu. Anapiga simu? Bosi anamwambia asogee taratibu hadi Mafinga. Kwa hiyo kifaa kimesema ukweli, na tairi limepasuka pamoja na hayo. Kabla ya kununua sensa, mwenye lori aamue nani ana mamlaka ya kulisimamisha.

FundiMatairi_Msamvu (18)
Hapo umenena, mzee. Ila sensa iliyowekwa vizuri italia kwenye 108, si kwenye 90. Kati ya namba hizo mbili, kwa tundu la msumari, mara nyingi dereva ana muda wa kufika penye fundi. Tairi lililokamatwa mapema huzibwa na kurudi kazini. Anayeogopa kujaza bila kizimba anaogopa tairi lililochelewa kukamatwa.

MwenyeMatela_Kibaha (19)
Nawashukuru wote. Nimekusanya matairi manne yaliyopasuka ambayo bado yako uani, na kesho nitayapeleka kwa fundi ayafungue. Matela yangu matatu hayabadilishi vichwa, kwa hiyo ninafikiria kuanza na hayo, kwa sensa za ndani kama zinapatikana hapa nchini. Kuhusu hoja ya 5 na 17, nitamruhusu dereva kusimama penye usalama bila kuniuliza.

Pwani_Malaba (20)
Vizuri, bosi. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuonyeshe tairi la ndani la ekseli ya mwisho likisomeka kiooni, tela likiwa limepakiwa, injini inaunguruma na lori linatembea. Onyesho la ofisini mezani kwake lisikuridhishe.

Mtumwa_wa_Usukani (21)
Mkuu Kibaha, ahadi yako nimeisoma na ninaipokea kwa moyo mmoja. Ninaomba iandikwe kwenye mkataba wa dereva kabla sensa hazijafungwa, pamoja na haki ya dereva kupewa nakala ya kumbukumbu za kifaa pale anapodaiwa tairi. Ikiandikwa hivyo, nitakuwa wa kwanza kuwashawishi wenzangu wasikichomoe.

Breki_Iringa (22)
Na hayo matairi manne, fundi akiyafungua, aangalie pia ukingo unaokaa kwenye ringi. Ukikuta mpira umekauka na kupasuka-pasuka hapo, usinunue chochote kabla hujazikagua breki za ekseli hiyo.